Pombe ya Nyumbani: Tununue Chombo Kipya au Kilichotumika?

Kila mwisho wa mwezi, katika nyumba nyingi za askari wetu, baba na mama huketi pamoja wakahesabu shilingi. Karo ya watoto itatoka wapi? Mkaa, sabuni, na nauli ya kwenda kumtazama mzazi aliye mgonjwa kijijini vitalipwa na nini? Katika hesabu hiyo, aghalabu mama hutaja kazi aliyoirithi kwa mama yake mzazi, nayo ni kupika pombe ya kienyeji. Katika nchi ya Teso ni ajono ya wimbi, yaani ulezi, ambayo mijini huitwa malwa. Magharibi ni tonto ya ndizi. Kwingineko ni kwete ya mahindi. Ufundi anao, nafaka yapatikana sokoni, na wanywaji hawakosekani. Hukosekana kitu kimoja tu: chombo cha kuivundikia.

Hapo ndipo huzuka swali la leo. Je, tununue chombo kipya kwa bei ya juu, au tutafute kilichotumika kwa bei nafuu? Wengi hulijibu swali hili kwa kutazama mfuko peke yake. Mimi pia nililijibu hivyo siku moja, na watu wakaumia. Kwa hiyo, ndugu msomaji, naomba uniwie radhi nikianza kwa kueleza kosa langu mwenyewe.

KOSA LANGU

Mwaka 2017 nilikuwa nikifanya kazi katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya moja ya mashariki mwa Uganda. Karibu na ofisi yetu palikuwa na nyumba za askari polisi, na humo akina mama tisa walikuwa wameunda kikundi cha kuweka akiba. Walipika ajono kila Jumamosi, wakagawana faida, na sehemu wakaiweka kwa ajili ya karo. Kwa kuwa niliwahi kusomea ualimu, waliniita Mwalimu, wakaniuliza mambo mengi kuliko niliyoyajua.

Siku moja waliniletea habari kwamba mfanyabiashara mmoja anauza pipa kuukuu la bati, lile linalong'aa rangi ya fedha, ambalo lilitumika kuhifadhi maji ya mvua. Nilikwenda kulitazama. Nilichungulia ndani nikaona ni safi, nilinusa nisisikie harufu mbaya, nikagonga na kusikia kwamba halijatoboka. Nikawaambia walinunue. Niliona fahari kuwa nimewaokolea fedha.

Walipika humo pombe ya kumwaga sajini mmoja aliyekuwa akistaafu. Ikakaa siku nne. Siku ya sherehe, muda usiotimia saa moja baada ya watu kuanza kunywa, wageni wakaanza kushikwa na kichefuchefu, wakatapika, matumbo yakiwasokota. Watu kumi na mmoja walipelekwa kituo cha afya. Namshukuru Mungu, wote walipata nafuu kufikia kesho yake. Lakini mganga aliyewapokea hakuuliza habari za ulezi wala za kimea. Aliuliza: "Pombe hii ilikaa ndani ya nini?"

Tuliporudi kulitazama pipa, tuliona kuwa mahali palipoguswa na pombe pamekwaruka na kufifia, na juu ya mstari wa pombe bado pang'aa. Mama mmoja mzee wa kikundi kile akanitazama kwa upole, akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, wewe ulitazama uchafu, hukutazama chuma."

Kikundi kilipoteza akiba ya miezi mitatu kwa kulipia dawa na kuwaomba radhi wageni. Ilipita muda mrefu kabla watu hawajarudi kunywa kwao. Tangu hapo nimejitahidi kujifunza mambo ya vyombo, na haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

POMBE HUTAFUNA CHUMA

Pombe zetu za kienyeji zote ni chachu. Uchachu huo ndio unaoleta ladha, na ndio unaozuia vijidudu vingi vya maradhi visistawi humo. Lakini uchachu huohuo hutafuna baadhi ya madini. Bati linalong'aa ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishike kutu. Maji matupu hayaidhuru sana zinki, ndiyo maana pipa lile lilihifadhi maji miaka mingi bila kumdhuru mtu. Pombe chachu ikikaa humo siku kadhaa huiyeyusha zinki ikaingia katika kinywaji, na zinki nyingi tumboni huleta kutapika kwa ghafula. Kwa hiyo ndoo, pipa au debe la bati, liwe jipya au kuukuu, lisitumike kamwe kuvundika pombe, wala kuhifadhi maji ya ndimu au maziwa ya mgando.

Chuma kitupu nacho kina hatari yake, ila yenyewe huja polepole. Mwaka 1929 daktari aitwaye Strachan alieleza habari za wagonjwa wa Afrika Kusini ambao maini yao yalikuwa yamejaa madini ya chuma kupita kiasi. Baadaye wataalamu walitambua kwamba chanzo kikubwa kilikuwa pombe ya kienyeji iliyopikwa katika vyungu na mapipa ya chuma, ikinywewa kwa wingi kwa miaka mingi. Na inadhaniwa kwamba hali ya urithi wa mtu pia huchangia. Damu yetu yahitaji chuma, lakini kikizidi huliharibu ini.

Risasi ni mbaya kuliko hayo yote, kwa sababu hudhuru ubongo, hasa wa mtoto mchanga na wa mtoto aliye tumboni. Hupatikana katika betri za magari na katika lehemu ya zamani ya mafundi. Hata sufuria mpya za alumini zinazoyeyushwa na mafundi wadogo kutokana na vyuma chakavu zaweza kuwa nayo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vyombo 42 vya namna hiyo kutoka nchi 10, na thuluthi moja hivi vilionekana kutoa risasi ya kutosha kuleta madhara. Sufuria ya namna hiyo yaweza kuchemshia maji ya kufulia, lakini haifai kulaza ndani yake kitu kichachu usiku kucha.

Chuma cha pua, kile cheupe kisichoshika kutu, ndicho kinachostahimili uchachu kuliko vyote. Bei yake ni kubwa, lakini hudumu miaka mingi.

VYOMBO VYA KUKATAA KABISA

Kuna vyombo ambavyo hata ukipewa bure, hapana budi uvikatae.

Cha kwanza ni jerikani au pipa lililokuwa na dawa ya wadudu, ya magugu au ya kuogeshea mifugo. Wataalamu wa kilimo huagiza kwamba chombo cha namna hiyo kisukutwe mara tatu kisha kitobolewe, ili mtu yeyote asiweze kukitumia tena. Plastiki hunywa dawa ikaingia ndani ya mwili wake, na hakuna sabuni, majivu wala maji ya moto yawezayo kuitoa yote. Ukiona jerikani imechubuliwa karatasi yake ya maelezo, jiulize ni kwa nini aliyeichubua hakutaka uisome.

Cha pili ni kile kilichokuwa na mafuta ya taa, petroli, dizeli au oili ya injini. Harufu yake hujificha katika plastiki, kisha hutoka tena pombe inapopata joto. Hapa nawaonya pia wanaotaka kulikata pipa la mafuta ili kupata mapipa mawili mafupi. Pipa tupu la petroli lina hatari kuliko lililojaa, kwa maana limejaa mvuke. Cheche moja ya moto wa fundi yatosha kulilipua likamwua yeye na waliosimama karibu. Zaidi ya hayo, mapipa mengi ya mafuta yaliyo karibu na kambi ni mali ya serikali. Askari anayeuza pipa la serikali ana kosa, na raia anayelinunua hana hoja ya kujitetea.

Cha tatu ni kile kilichokuwa na maji ya betri, rangi, dawa ya kuhifadhi mbao au kemikali yoyote ya kiwandani. Tukumbuke msiba wa mwaka 2010 katika wilaya ya Kabale, ambako makumi ya watu walifariki kwa kunywa waragi uliochanganywa na methanoli. Methanoli ni kemikali ya viwandani. Kwa macho hufanana na maji, na harufu yake hufanana na ya pombe kali. Pombe ya nafaka iliyovundikwa vizuri haina methanoli ya kutisha. Hatari huingia kwa mkono wa mtu au kwa chombo asichokijua asili yake.

Cha nne ni chombo cha wizi. Nacho nakieleza hapa chini.

MAPIPA YA VIWANDA VYA BIA

Baadhi ya askari waliorudi kutoka kozi au misheni nje ya nchi husimulia kwamba huko waliona watu wakiweka bia ya nyumbani katika mitungi ya chuma cha pua. Ni kweli. Nchini Marekani, ambako sheria ya mwaka 1978 iliwaruhusu watu kupika bia nyumbani kwa matumizi yao wenyewe bila kodi, wapishi wengi hutumia mitungi ya lita 19 iliyokuwa ya kampuni za soda. Hununua iliyotumika kwa sababu yafaa kama mipya. Huivunjavunja sehemu zake, huiosha, na kubadilisha mipira yote ya kuzibia, kwa kuwa chuma hakishiki harufu ya soda bali mpira huishika. Kisha huijaza hewa na kutazama kama yavuja.

Kuna somo jema hapo: katika chombo kilichotumika, sehemu laini ndizo za kubadilishwa kwanza. Lakini tusichanganye mambo. Mapipa ya chuma yanayoonekana katika mabaa yetu, yenye jina la kiwanda limegongwa mwilini mwake, hukopeshwa mwenye baa ili yarudi kiwandani, hayauzwi. Anayekuuzia nyuma ya nyumba anakuuzia kesi. Tena pipa hilo huwa na hewa iliyoshindiliwa. Mtu asiye fundi akilifungua kwa nyundo na patasi, kifuniko chaweza kumrukia usoni kama risasi ya bunduki. Afande mwenye kulinda mali ya wananchi hapaswi kukutwa na pipa hilo nyumbani kwake.

VILIVYOTUMIKA VINAVYOFAA

Msomaji asidhani kuwa nakataza kila kilichotumika. Viko vyombo ambavyo uzee wao ni sifa.

Chungu cha udongo ni kimojawapo. Mama zetu walijua kuwa chungu kilichozoea pombe huanza kuumua upesi kuliko kipya, kwa sababu chachu hubaki katika vitundu vyake vidogo. Ukinunua chungu kuukuu, kigonge kwa kidole. Kikilia sauti safi, ni kizima. Kikitoa sauti iliyopasuka, kiache. Kisiwe kimepakwa rangi ya kung'aa ndani. Na ujue kilikuwa cha nani, na kilipikiwa nini.

Mtumbwi wa mti wa kuvundikia tonto nao huzeeka vizuri ukitunzwa. Utazame kama una nyufa ndefu au ubao uliooza unaobonyea kwa ukucha. Ukiwa mzima, ni chombo cha kurithisha watoto.

Jerikani ya njano ya mafuta ya kupikia yafaa pia, maadamu wewe mwenyewe waijua tangu mafuta yake yalipokuwa yakiliwa nyumbani kwako au kwa jirani unayemwamini. Kasoro yake ni mafuta yanayogandamana ndani na kuoza. Kasoro ya pili ni mikwaruzo. Watoto wetu huosha jerikani kwa kutia changarawe na kutikisa. Ni njia nzuri kwa jerikani ya maji ya kufulia, lakini kila mkwaruzo ni handaki la vijidudu vinavyoigeuza pombe kuwa siki. Jerikani iliyokwaruka sana ndani iwekwe kwa maji ya kuoshea, isirudi kwenye pombe.

KIPYA NACHO KICHUNGUZWE

Upya peke yake si cheti cha usalama. Baadhi ya jerikani na mapipa ya plastiki sokoni, hasa yale meusi ya bei ya chini, hutengenezwa kwa plastiki chakavu iliyoyeyushwa, na hakuna ajuaye ilikuwa ya nini. Tafuta chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya chakula. Kwa kawaida huwa na picha ndogo ya glasi na uma iliyogongwa chini yake. Namba 2 iliyo ndani ya pembetatu huonyesha kuwa ni plastiki ngumu ya aina inayotumika kwa maziwa na mafuta ya kula. Lakini namba hiyo hueleza aina ya plastiki tu, haikuhakikishii usafi wake.

Chombo kipya cha plastiki kinukie. Kikiwa na harufu kali, kijaze maji ya vuguvugu, kiache usiku kucha, umwage, urudie. Harufu isipokwisha kwa siku tatu, mrudishie mwenye duka. Chungu kipya nacho kilowekwe maji siku moja, kisha kichemshiwe uji mwepesi ili kikaze, kabla hakijatiwa pombe.

HESABU YA FEDHA

Sasa turudi kwenye mfuko. Tuseme jerikani mpya ya lita 20 ni shilingi 15,000, na iliyotumika ni shilingi 6,000. Umeokoa shilingi 9,000. Lakini tuseme pia kwamba pombe moja yahitaji kilo 10 za ulezi, na kila kilo ni shilingi 3,000. Pombe ikiharibika mara moja tu, umepoteza shilingi 30,000, mbali na kuni, maji na siku saba za kazi. Kwa maneno mengine, hasara ya siku moja yameza akiba ya jerikani tatu, na bado hatujahesabu mgonjwa hata mmoja. Wahenga walipotuambia kwamba rahisi ni ghali, walikuwa wamekwisha kupiga hesabu hii.

Kama fedha haitoshi kununua vyote vipya, gawanya hivi: chombo ambamo pombe hukaa siku nyingi kiwe kipya au kiwe cha asili unayoijua kabisa; vyombo vya kubebea maji na kupimia nafaka vyaweza kuwa vilivyotumika. Kadhalika, kikundi cha watu tisa chaweza kuchanga na kununua chombo kimoja cha chuma cha pua badala ya mapipa tisa ya wasiwasi.

KUKISAFISHA NA KUKIFUNGA

Kabla ya kila upishi, chombo kioshwe kwanza kwa maji moto na sabuni, kwa kitambaa laini, kisha kisuuzwe mpaka povu liishe. Cha chuma cha pua na cha udongo kisuuzwe tena kwa maji yanayochemka. Plastiki nyembamba hulegea kwa maji yanayochemka, kwa hiyo itumiwe maji ya moto kiasi, au dawa ya klorini kama ilivyoandikwa kwenye chupa yake, kisha isuuzwe vizuri. Klorini isichanganywe kamwe na siki wala ndimu, kwa maana hutoa hewa ya sumu. Baada ya kuosha, kipinduliwe kikauke juani.

Jambo la mwisho ni kifuniko. Pombe inapoumua hutoa hewa nyingi kuliko watu wanavyodhani: gramu 180 tu za sukari ya glukosi, zikigeuka pombe zote, hutoa hewa ya kaboni ya kujaza lita 48 hivi. Jerikani iliyokazwa kifuniko hufura na yaweza kupasuka. Basi kifuniko kilegezwe, au mdomo ufungwe kwa kitambaa safi au jani la mgomba, ili hewa itoke na nzi wasiingie. Chombo kikae mbali na watoto.

MASWALI MATATU

Makala haya hayahusu kutonesha waragi, jambo linalohitaji leseni. Kadhalika, kila kambi ina kanuni zake juu ya kupika na kuuza pombe, na ni juu ya kila familia kumwuliza mkuu wa kambi kabla ya kuwasha moto. Wala sihitaji kumkumbusha askari kwamba silaha na pombe havikai meza moja.

Ila nawaomba akina mama na akina baba wote, kabla ya kutoa shilingi, mumwulize mwenye kuuza chombo maswali matatu. Kilikuwa na nini? Kimetengenezwa kwa kitu gani? Ni mali ya nani? Swali moja likikosa jibu, funga mfuko wako uende zako.

Mimi nilijiuliza tu kama kilikuwa safi. Kikundi kile cha akina mama kingali kikipika ajono hadi leo, na wamekwisha kununua chombo cha chuma cha pua kwa fedha yao wenyewe. Nilipowatembelea, yule mama mzee alinionyesha mahali walipoliweka pipa langu la bati. Limesimama chini ya mchirizi wa paa, limejaa maji ya mvua, na wajukuu wanachota humo maji ya kufulia. Hapo ndipo mahali pake palipokuwa tangu mwanzo.